MGENI AAMBIWE UKWELI KABLA YA KUFUNGA MIZIGO

Safari haianzii kwenye uwanja wa ndege. Huanzia nyumbani, siku nyingi kabla ya kuondoka, pale msafiri anapowauliza waliotangulia: nchi ninayokwenda ikoje, nichukue nini, nijihadhari na nini? Majibu anayopewa ndiyo yanayomtengenezea macho ya kuitazamia nchi hiyo. Aliyeambiwa kwamba anakwenda kwa watu, atafika kwa watu. Aliyeambiwa kwamba anakwenda kwenye wanyama, maradhi na wezi, atafika huko huko, hata kama ndege imemteremsha katikati ya mji.

Kwa Tanzania jambo hili si dogo hata kidogo. Mwaka 2024 idadi ya wageni walioingia nchini ilizidi milioni 2.1, ilhali mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga njia za dunia, walikuwa laki sita na ushei. Mapato ya utalii kwa mwaka 2023 yalizidi dola za Marekani bilioni 3. Nyuma ya tarakimu hizo wamo madereva, wapishi, wapagazi, wavuvi, wachonga vinyago, na wakulima wa mboga ambao hawajapata kumwona mtalii ana kwa ana lakini kabichi zao huliwa hotelini. Kwa hiyo swali la nini aambiwe mgeni kabla ya kufunga mizigo yake si swali la adabu peke yake. Ni swali la riziki ya watu wengi, na ni swali la heshima yao.

Mashauri yanayotolewa ng'ambo kwa watu wanaozuru nchi zinazoendelea huwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza yahusu mwili wa msafiri: chanjo, mbu, maji, jua. Hiyo ina manufaa. Sehemu ya pili yahusu wenyeji, na humo ndimo kasumba ilimojificha. Msafiri huambiwa kwamba kila anayemsalimu anataka fedha, kwamba bei ya kwanza siku zote ni ya uongo, na kwamba mjanja ni yule anayerudi kwao akijigamba kuwa alilipa kidogo kuliko wenzake. Katika mashauri hayo umaskini wa mwenyeji huhesabiwa kuwa bahati ya msafiri.

Hapana budi sehemu hiyo ya pili iandikwe upya, na wanaopaswa kuiandika ni wenyeji wenyewe. Na swali la kwanza ambalo mgeni angefunzwa kujiuliza ni hili: unafuu ninaoutafuta, ni nani anayeulipia?

MJADALA WA ZAMANI

Swali hilo si geni nchini. Mwaka 1970, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha, ulizuka mjadala mkali katika gazeti la The Standard la Dar es Salaam juu ya utalii. Vijana wa Chuo Kikuu waliuliza kama nchi inayojenga Ujamaa yaweza kujenga mahoteli ya anasa kwa ajili ya matajiri wa nje bila kurudisha ubwana na utwana kwa mlango wa nyuma. Wengine waliwajibu kwamba nchi inahitaji fedha za kigeni za kununulia mitambo na dawa, na kwamba mbuga na fukwe ni mali kama zilivyo pamba na katani. Makala za mjadala huo zilikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1973.

Zaidi ya nusu karne imepita. Historia imekwisha kuamua kwamba wageni watakuja. Lakini hofu ya vijana wale haikuwa ya kipuuzi. Waliona kwamba utalii ni biashara ya pekee, kwa kuwa kinachouzwa humo ni pamoja na tabasamu la mtu, mgongo wake na subira yake. Katani haioni haya inapouzwa kwa bei ya kutupa, binadamu huona. Kwa sababu hiyo, kila shauri analopewa mgeni lapasa kupimwa kwa kipimo cha utu, hata lile linaloonekana kuwa dogo.

MWILI NA HATI

Yafaa kuanza na yale yasiyo na ubishi. Mgeni anayetoka nchi zisizo na malaria amwone daktari wiki kadhaa kabla ya safari, kwa maana dawa za kinga huanza kumezwa kabla ya kuondoka na huendelea kumezwa baada ya kurudi. Akipata homa akiwa amekwisha kurudi kwao, amwambie daktari mara moja kwamba alikuwa Afrika Mashariki. Wapo waliopoteza maisha kwa sababu homa yao ilidhaniwa kuwa mafua. Anayetoka nchi zenye homa ya manjano, au aliyepitia huko, aje na cheti cha chanjo. Anywe maji yaliyochemshwa au ya chupa. Katika mbuga zenye mbung'o, kama Tarangire, asivae nguo za buluu au nyeusi, kwani rangi hizo huwavuta wadudu hao.

Sheria nazo azijue mapema. Tangu tarehe 1 Juni, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku, na anayeingia nayo huitoa uwanjani. Nguo zenye madoadoa ya kijeshi haziruhusiwi kwa raia. Vyombo vya kupiga picha angani visivyo na rubani vyahitaji kibali. Kambi za jeshi na majengo ya ulinzi hayapigwi picha. Pembe za ndovu hazinunuliwi, hata ziwe kipande cha bangili. Kati ya mwaka 2009 na 2014 idadi ya tembo nchini iliporomoka kutoka zaidi ya laki moja hadi 43,000 hivi, na kila mnunuzi wa kipande kidogo alikuwa na mkono wake katika mauaji hayo. Anayekwenda Zanzibar ajue kwamba tangu tarehe 1 Oktoba, 2024, mgeni kutoka nje ya nchi hutakiwa kuwa na bima ya safari iliyowekwa na Serikali ya Mapinduzi.

Hakuna udhalili wala kiburi katika masharti haya. Kila nchi yenye kujitawala huweka masharti yake mlangoni, na Mtanzania anayekwenda Ulaya huyajua vema ya huko, kwa kuwa huwekwa foleni ndefu kuliko hii na huulizwa maswali mengi zaidi.

SALAMU, SAA NA MAVAZI

Baada ya mwili na hati, mgeni aambiwe habari za watu. Jambo la kwanza ni salamu. Katika nchi nyingi za viwanda mtu huuliza njia kwa mgeni mwenzake bila neno la kutangulia, akidhani anaokoa wakati wa wote wawili. Tanzania anayeanza na swali kabla ya kumjulia mwenzake hali ameanza na utovu wa adabu. Habari za asubuhi, habari za kazi, shikamoo kwa mwenye umri mkubwa: maneno hayo machache humfungulia mgeni milango mingi kuliko pochi nene. Ayajifunze ndani ya ndege.

Jambo la pili ni saa. Waswahili huhesabu saa tangu jua linapochomoza, si tangu usiku wa manane. Saa moja asubuhi ya Mswahili ni saa saba ya saa ya mkononi ya mgeni. Msafiri asiyeambiwa hivyo hupoteza basi, kisha huandika nyumbani kwao kwamba Waafrika hawajali wakati, kumbe basi liliondoka kwa wakati wake hasa na yeye ndiye aliyechelewa kwa saa sita. Dawa yake ni swali jepesi: je, ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu?

Jambo la tatu ni mavazi na mwenendo. Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mji wa watu, wenye misikiti, madrasa na wazee wanaokaa barazani. Vazi la kuogelea lina mahali pake ufukweni. Mitaani mgeni, mume kwa mke, afunike mabega na magoti. Kanga moja yatosha kumwokoa, na fedha ya kuinunulia humfikia muuza duka wa Darajani. Katika mwezi wa Ramadhani asile wala kunywa wala kuvuta sigara hadharani mchana. Hakuna anayemtaka afunge; anatakiwa asiwatafunie waliofunga mbele ya macho yao.

Na jambo la nne ni picha. Mama anayeuza samaki Feri si sehemu ya mandhari. Mzee wa Kimaasai aliyesimama kando ya barabara hakuzaliwa ili apambe kitabu cha picha cha mtu mwingine. Mgeni aombe ruhusa kwanza. Akikataliwa, ashukuru na kurudisha kamera yake mfukoni. Angefanya vivyo hivyo kama mtu asiyemjua angeingia katika soko la mji wake na kuanza kumpiga picha bibi yake.

SHILINGI NA KUJADILIANA BEI

Sasa habari ya fedha. Mwaka 2025 Serikali ilitoa kanuni za kukataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutangazwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Mgeni abadilishe fedha zake benki au katika duka la fedha lenye leseni, achukue risiti, na alipe kwa shilingi. Shilingi ni alama ya nchi kama ilivyo bendera, na mtu anayelipa kwa fedha ya wenyeji huanza pia kufikiri kwa vipimo vya wenyeji: hujua kilo ya mchele ni kiasi gani, nauli ya daladala ni kiasi gani, na huweza kutambua bei ya haki na bei ya kuruka ukuta.

Je, ajadiliane bei? Ndiyo. Kujadiliana ni desturi ya soko, na mwenye kinyago mwenyewe angeshangaa kama mnunuzi angetoa fedha bila maneno mawili matatu ya mzaha. Lakini mjadala wa bei una mpaka. Mtu aliyekaa wiki mbili akichonga mpingo, mti mgumu unaokua polepole mno, hastahili kusimamishwa juani kwa nusu saa kwa ajili ya shilingi elfu mbili ambazo mnunuzi ataziacha mezani jioni bila kuzikumbuka. Bei nzuri ni ile inayowaacha wote wawili wakicheka.

MZIGO WA MPAGAZI

Yote yaliyotangulia ni mepesi. Lililo zito li juu ya mlima.

Neno mpagazi lina historia ndefu katika ardhi hii. Katika karne ya 19 misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilibebwa juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ambao bila wao hakuna mpelelezi hata mmoja wa Kizungu ambaye angeliona Ziwa Tanganyika. Tarehe 6 Oktoba, 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, na majina yao yakaandikwa vitabuni. Wenyeji waliobeba mahema na chakula chao hawakuandikwa hivyo, isipokuwa wachache kama Yohani Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kuwa kiongozi wa safari ile.

Leo Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, hupandwa na maelfu ya watu kila mwaka, na bado hupandwa juu ya mabega. Kwa kila mgeni mmoja huwapo kwa kawaida wapagazi watatu au zaidi, pamoja na kiongozi na mpishi. Kanuni za hifadhi zataka mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Kanuni ni njema. Lakini kuna jambo ambalo mizani haliwezi kulipima, nalo ni bei ambayo mgeni aliilipa kule kwao kabla hajaondoka.

Hesabu yake si ngumu. Kwa viwango vya ada vya mwaka 2024, mgeni mtu mzima asiye mkazi alitozwa dola 70 kwa kila siku ya kuwa hifadhini, dola 50 kwa kila usiku wa kambi, na dola 20 za huduma ya uokoaji kwa safari nzima. Safari ya siku saba na usiku sita ina maana ya dola 490, dola 300 na dola 20, yaani dola 810. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na hesabu yapita dola 950 kabla hakijanunuliwa hata kibaba kimoja cha mchele. Basi mgeni akiona tangazo la kampuni inayomwahidi safari hiyo kwa dola 1,200, na ajiulize: katika dola zisizofika 250 zilizobaki, ni nani atakayemlisha kwa siku saba, atakayemchukua kutoka mjini hadi langoni na kumrudisha, atakayemlipa kiongozi, mpishi na wapagazi watatu, na bado mwenye kampuni apate faida?

Jibu ni kwamba hakuna muujiza. Ada ya Serikali haipunguzwi. Petroli haipunguzwi. Faida ya mwenye kampuni haipunguzwi kwa hiari yake. Kinachopunguzwa ni kile kisichoweza kujitetea: ujira wa mpagazi, mlo wake na nafasi yake ndani ya hema. Anakula mara moja kwa siku ili mgeni ale mara tatu. Analala wamebanana katika hema kuukuu, kwenye kambi ambako maji huganda usiku. Anaambiwa kwamba ujira wake umo katika bakshishi ya mgeni, na bakshishi yenyewe hupita katika mikono mingi kabla ya kumfikia, ikiwa itamfikia. Huo ni unyonyaji, na hauwi mtamu kwa sababu mnyonyaji ni mzalendo. Kupe wa nyumbani hunyonya damu ile ile.

Kwa hiyo shauri la maana kuliko yote kwa mgeni anayeutaka mlima ni maswali manne ya kuiuliza kampuni kabla ya kulipa. Mpagazi hulipwa shilingi ngapi kwa siku, mbali na bakshishi? Hula mara ngapi? Hulala wapi, na ana mavazi ya baridi? Na bakshishi hugawiwa namna gani? Kampuni yenye haki itajibu bila kigugumizi. Ile inayobabaika imekwisha kujibu. Akiwa mlimani, mgeni awajue kwa majina watu wanaobeba mizigo yake, na siku ya mwisho atoe bakshishi mbele ya wote, kwa uwazi, kila mtu asikie fungu lake.

Aambiwe pia kwamba haraka ya kubana siku ili kupunguza gharama humrudia yeye mwenyewe. Ugonjwa wa kimo hauchagui mwenye misuli. Anayepanda kwa siku nyingi huupa mwili nafasi ya kuzoea hewa nyembamba. Anayeumwa kichwa kwa nguvu, anayetapika na kuanza kuyumba au kuchanganyikiwa, dawa yake ni kuteremka papo hapo, si kusukumwa mbele kwa kuwa alikwisha lipa. Neno polepole, ambalo viongozi hulirudia njia nzima, ni shauri la kitabibu.

UNAFUU WA AINA MBILI

Atatokea mtu wa kuhoji: je, ina maana Tanzania inawataka matajiri peke yao? Kijana wa Ulaya aliyedunduliza mshahara wake, au mwalimu kutoka Kenya au Burundi, hawana haki ya kuuona mlima au bahari?

Wanayo haki hiyo kamili. Lakini yafaa kutenganisha unafuu wa aina mbili, kwa maana mashauri ya ng'ambo huuchanganya. Upo unafuu wa kuishi kama wenyeji: kulala katika gesti, kula wali na maharage kwa mama lishe, kupanda daladala, kusafiri kwa treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Unafuu huo ni wa heshima. Mama lishe amepanga bei yake mwenyewe, amepata faida yake, na mgeni amelipa kile kile alicholipa fundi aliyeketi kando yake. Na upo unafuu wa kutaka anasa ile ile ya tajiri kwa fedha pungufu, tofauti ikajazwa na jasho la mtu mwingine. Huo ndio wa kukataliwa. Asiye na uwezo wa Kibo kwa bei ya haki, aende akatembee Usambara, apande Meru, au akae kijijini chini ya mlima anywe kahawa ya Wachaga na kutazama theluji kwa mbali. Atakuwa ameiona nchi, na hakuna aliyeumia.

PEREMENDE NA KUJITOLEA

Yupo pia mgeni wa namna nyingine, ambaye kosa lake hutokana na huruma. Huja na mfuko wa peremende na kalamu, akawagawia watoto dirishani mwa gari. Moyo wake ni mwema, lakini matokeo yake ni mabaya. Mtoto anayepata zaidi barabarani kuliko anachokipata darasani atachagua barabara, na atajifunza mapema kwamba mkono ulionyoshwa una faida kuliko mkono wenye jembe. Mgeni mwenye cha kutoa aende kwa mwalimu mkuu au ofisi ya kijiji, aulize kinachohitajika, akikabidhi kwa maandishi.

Vivyo hivyo kwa yule anayetaka kujitolea kufundisha au kulea yatima kwa wiki mbili. Viza ya utalii hairuhusu kazi, hata isiyo na malipo; ipo ruhusa yake maalumu. Zaidi ya sheria, ajiulize kama nchini kwao mtu asiyesomea ualimu angekabidhiwa darasa, au mpita njia angekabidhiwa watoto wachanga. Kama jibu ni hapana, basi mtoto wa Arusha hastahili pungufu ya hapo. Kujitegemea hakumaanishi kukataa msaada. Kunamaanisha kwamba anayesaidiwa ndiye anayesema anahitaji nini.

MWENYEJI NAYE

Lakini shauri halielekezwi upande mmoja tu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji amkamue. Dereva wa teksi anayetaja nauli mara tano kwa sababu ya rangi ya abiria wake, papasi anayemfuata mgeni mtaa kwa mtaa hata amchoshe, na mwenye duka anayeuza kitu cha kiwandani kwa jina la sanaa ya mkono, wote hao wanathibitisha kwa matendo yao yale maneno ya dharau yanayoandikwa ng'ambo. Kila mgeni aliyedanganywa huwa mwalimu wa wageni mia.

Makampuni ya utalii nayo lazima yaguswe. Mpagazi awe na mkataba wa maandishi na alipwe kwa njia inayoacha kumbukumbu, ili mkaguzi aweze kuuliza na kupata jibu. Haitoshi mizani kupima mzigo langoni ikiwa hakuna anayepima ujira siku ya malipo. Vyama vya wapagazi vipewe sauti pale bei za chini za safari zinapojadiliwa, maana hao ndio wanaojua mlima unagharimu nini. Na wakati umefika Taifa litoe mwongozo wake wenyewe kwa wageni, kwa lugha wanazozisoma, utakaoeleza pamoja na chanjo na viza maswali yale manne ya mpagazi. Kama nchi haikusema yenyewe namna inavyotaka kutembelewa, wengine wataisemea, na wamekwisha kuisemea kwa muda mrefu mno.

Mwisho, isisahauliwe kwamba Mtanzania naye ni msafiri. Siku hizi wafanyakazi, wanafunzi na familia hufunga safari kwenda Mikumi, Ngorongoro na Zanzibar, na ni jambo la kufurahisha. Lakini wapo wanaopiga honi mbele ya tembo, wanaotupa chupa njiani, na wanaompigia kelele mhudumu wa hoteli kwa sauti ambayo wasingethubutu kuitumia mbele ya Mzungu. Ubwana hauna rangi. Chama kilichosimama juu ya imani ya usawa wa binadamu hakiwezi kuukemea kwa mgeni na kuufumbia macho kwa mwenyeji.

Basi mgeni na aje. Aje na cheti chake cha chanjo, kanga yake, salamu zake na shilingi zake. Kabla ya kutia saini ya malipo, aulize mpagazi atalipwa nini. Na mwenyeji, akiulizwa swali hilo, awe na jibu ambalo hataona haya kulisema mbele ya mpagazi mwenyewe.